Hivi maigizo darasani yanafundisha kweli au tunawachekesha watoto tu?

#1 ChakiNyeupe
Habari wakuu. Nina darasa la tatu. Kila nikiweka igizo kwenye kipindi darasa linachangamka, hata wale wanaolala macho wazi wananyoosha mikono. Juzi tulikuwa na mzunguko wa maji, kundi moja bahari, mtoto mmoja jua, wengine mvuke wanapanda juu, wakakutana wakawa wingu, wakanyesha. Vicheko, kelele, raha tupu. Kesho yake nauliza kwa nini ule mvuke uligeuka matone, kimya. Nauliza nani aliangukia dawati, mikono yote juu.

Sasa nauliza, watoto kushiriki wanashiriki, hilo halina ubishi, ila kushiriki ndio kujifunza? Wenye uzoefu karibuni, na wanaopinga pia karibuni ila mje na sababu sio kejeli.

#2 BentiLaNyuma
Leo nakaa mbele kabisa. Mleta mada huyo aliyeangukia dawati alikuwa mvuke au mvua? Kama ni mvua basi mpe zote, ndiye pekee aliyeelewa somo.

#3 MwalimuWaZamani
Mleta mada umeshajijibu, hujataka tu kujisikia. Nimefundisha mpaka nimestaafu na hili nimeliona kwenye kila darasa: mtoto anabaki na kile ambacho akili yake ilikuwa inahangaika nacho. Wale wako walikuwa wanahangaika na nani awe jua, nani kamsukuma nani, shuka la wingu nani kalivuta. Hakuna hata mmoja aliyelazimika kuwaza mvuke unapoaje. Sasa kesho yake akumbuke nini ambacho hakukiwaza? Mimi sipingi igizo, napinga igizo ambalo ndani yake hamna swali. Na siku hizi naona kwenye maandalio ya masomo watu wanajaza "igizo dhima" ili mkaguzi akifungua afurahi, ukiuliza hilo igizo linafundisha nini mwalimu mwenyewe anababaika.

#4 MpangaJukwaa
Shikamoo mwalimu #3. Nakubali nusu, nusu nyingine hapana. Mimi nipo kikundi cha maigizo na huwa tunaitwa mashuleni kwa hiyo naongea kwa nilichokiona. Pale kwa ChakiNyeupe watoto walipewa hadithi ambayo imeshaisha. Kazi yao ilikuwa kutii tu, panda, kutana, shuka, hiyo ni gwaride sio igizo. Igizo lazima kuwe na kitu kinagoma. Ungewasimamisha kule juu ukamwuliza mvuke mmoja "wewe hapo juu unaona raha, nani atakushusha?" na usimpe jibu, hapo ndio vichwa vinaanza kufanya kazi. Mimi ningemweka mtoto mmoja awe ubaridi, anapita anawagusa, kila akiguswa anapunguza mwendo mpaka anamshika mwenzake, wakishikana wengi wanakuwa wazito, wanashuka. Kesho yake ukiuliza kwa nini tone limetokea watakwambia.

Halafu mwalimu mwenyewe usikae pembeni na kiboko cha kuongoza, ingia ndani. Kuna mama mmoja Uingereza, Dorothy Heathcote, alizaliwa 1926 akafariki 2011, kabla ya sanaa alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kufuma. Yule ndiye aliyesambaza huu mtindo wa mwalimu kuingia kwenye uhusika pamoja na watoto. Hakuwa na shida na mtoto kuigiza vizuri, alichotaka ni mtoto awaze akiwa katikati ya tatizo. Ana staili yake inaitwa joho la mtaalamu, darasa zima linageuka kuwa timu ya kazi, tuseme ni wahandisi, inakuja barua ya mteja anataka daraja, kuanzia hapo vipimo, hesabu, kuandika ripoti vinakuja vyenyewe kwa sababu mteja anasubiri. Hakuna watazamaji, hakuna makofi.

#5 Daftari_Kubwa
Mbona mnabishana wakati utafiti upo? Kuna ule uliofanyika Toronto ukatoka 2004, watoto wa miaka 6 waliofundishwa maigizo mwaka mzima IQ ikapanda. Tufunge uzi.

#6 Mkutubi
Usifunge kwanza mkuu #5, hapo umechanganya. Utafiti huo ni wa Glenn Schellenberg, watoto 144, waligawanywa makundi manne: kinanda, kuimba, maigizo, na kundi ambalo halikupewa kitu cha ziada mwaka ule. IQ ilipanda kwa wote, pengine kwa sababu tu ndio wameanza shule, ila waliosoma muziki walipanda kidogo zaidi ya wengine. Waliosoma maigizo hiyo ziada hawakuipata. Wao walichopata ni kingine, tabia zao za kuishi na wenzao zilikuwa bora wazi kabisa, na watoto wa muziki hawakuwa na hilo. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kundi la maigizo liliwekwa pale la kulinganishia tu, mtu alikuwa anachunguza muziki.

Ukitaka ushahidi unaohusu maigizo yenyewe, nenda kwa Ann Podlozny, mwaka 2000 alikusanya tafiti 80 akazichambua kwa pamoja. Alichokuta ni kwamba kuigiza darasani kunasaidia mambo ya lugha, kuelewa hadithi, kusimulia, kuzungumza. Msaada mkubwa zaidi unaonekana kwenye hadithi ileile iliyoigizwa, ila kiasi fulani unavuka mpaka hadithi ambayo watoto hawajaiigiza. Lugha, narudia. Hayo ya mvuke na mawingu msimbebeshe mtu ambaye hakuyasema.

#7 Daftari_Kubwa
Kwa hiyo muziki ndio umeshinda. ChakiNyeupe tafuta kinanda mwalimu, watu wasikusumbue.

#8 Kengele
Nyie wote mnafundisha wapi jamani. Mimi ninao sitini na ushee kwenye chumba kimoja, kipindi dakika 40, hapo kumi zimeenda kwenye kutulia. Wakiigiza watano, hamsini na ushee wanatazama, na mtoto anayetazama kwa dakika tano bila kazi anaanza kumchokoza wa mbele yake. Halafu mwalimu wa darasa la jirani anakuja kugonga mlango, "mwalimu wapo salama humo?" Mkinijibu hilo nitawasikiliza habari za Heathcote.

#9 Mkutubi
Kengele umegusa kitu kizito pengine bila kukusudia. Kwenye saikolojia kuna jambo limepimwa mara nyingi, mtu ukimpa orodha ya vitendo, "vunja kijiti", "kunja karatasi", akivifanya kwa mikono yake anavikumbuka zaidi kuliko akisomewa tu. Sasa angalia darasa lako: watano wametenda, hamsini wamekuwa hadhira. Faida ya kutenda imeenda kwa watano, na mara nyingi ni walewale watano wenye midomo.

#10 MpangaJukwaa
Ndio maana nasema ua hadhira. Wote sitini waigize kwa wakati mmoja, wawili wawili pale pale kwenye benti, mmoja muuzaji mwingine mteja anayelalamika, dakika mbili, badilishaneni. Hakuna anayetazama kwa hiyo hakuna anayeona aibu. Viola Spolin, Mmarekani, michezo yake ya kuigiza chanzo chake ni kazi na watoto mitaa ya Chicago, wengi watoto wa wahamiaji ambao hata lugha moja hawakuwa nayo, ndio maana michezo yake haianzi na maneno ya kukariri, inaanza na kanuni moja rahisi na tatizo la kutatua. Na alikuwa mkali sana kwenye jambo moja, mwalimu asiwe anasema "vizuri sana" au "hapana sio hivyo" kila baada ya sekunde, maana mtoto anaacha kucheza anaanza kukutazama usoni.

Kuhusu kelele, fundisha picha mgando kabla ya kitu kingine chochote. Ukipiga kofi moja wote wanaganda kama walivyo, mguu juu, mdomo wazi. Wanaipenda kuliko igizo lenyewe. Mtu anayejua kuganda ana nidhamu kuliko aliyeambiwa kaa kimya.

#11 BentiLaNyuma
Kengele akipiga kofi darasa la jirani nao wanaganda, mwalimu mkuu naye kaganda koridoni na kikombe mkononi.

#12 MamaMapacha
Samahani walimu mimi ni mzazi tu ila mada imenigusa. Wanangu mapacha wapo darasa moja, mmoja anaongea hata na ukuta, mwingine kimya. Kila kukiwa na igizo huyu mwongeaji ni mfalme, ni daktari, ni simba, na huyu mwenzake anashika pazia. Kila mara pazia. Nikienda siku ya wazazi naona mkono wake tu. Lakini jioni nyumbani mlango ukifungwa huyo mshika pazia analicheza igizo zima peke yake, anajua maneno ya mfalme, ya simba, ya watu wote, tena na sauti zao. Nilimwambia mwalimu, akanijibu "mama tulimpa nafasi hakutaka". Sasa mnaposema maigizo yanashirikisha watoto, mnamaanisha watoto gani?

#13 Asiyesema
Mama #12 mimi nilikuwa huyo mtoto. Niwaambie ukweli walimu wangu, kuna watu humu mnaongea kama vile aibu ni ugonjwa na igizo ndio dawa. Kwangu kusimamishwa mbele ya darasa ilikuwa adhabu, nilikuwa naumwa tumbo kweli kweli, sio kudeka. Na yule mwalimu alikuwa anaamini ananisaidia. Nilichokuja kukipenda ni igizo la kusoma tu, mmekaa kwenye viti, kila mtu ana karatasi yake ya maneno, hakuna kukariri, hakuna kutembea, unasoma kwa sauti sehemu yako inapofika. Macho yangu yapo kwenye karatasi hakuna anayenikodolea. Pale ndio niligundua naweza kuongea kama mtu mwenye hasira bila mimi kuwa na hasira.

#14 ChakiNyeupe
Asante #13, hii ya kusoma na karatasi sikuwahi kuichukulia kama igizo.

#15 MwalimuWaZamani
Na mimi hiyo ndiyo ninayoiunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto anayesoma kwa kukwamakwama ukimwambia "rudia kusoma aya hii mara nne" anakuona adui. Ukimwambia ni maneno ya fisi na kesho tutayasoma mbele ya darasa la pili, atarudia mara kumi bila kuambiwa, na kurudia kwenyewe ndiko kunakomfanya asome bila kukwama. Hakuna nguo, hakuna shuka la wingu, hakuna dawati la kuangukia. Somo limepatikana.

#16 MpangaJukwaa
Hiyo mwalimu ni kusoma, tena kuzuri, ila usiseme limetosha. Mwili umeuacha nje.

#17 MwalimuWaZamani
Mwili utakutana nao mapumziko.

#18 Kengele
😂😂 mzee ana majibu

#19 SayansiTu
Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa niseme la kwangu. Mimi ninachokiogopa sio kwamba igizo halifundishi, naogopa kwamba linafundisha SANA, ikiwemo makosa. Mfano: mtoto wa katikati ni jua, mwingine ni dunia anamzunguka. Darasani nafasi ni ndogo, madawati yamezuia upande mmoja, kwa hiyo dunia inapita karibu huku na mbali kule. Watoto wote wanatoka wakiamini joto linakuja dunia inapolisogelea jua na baridi inapokuwa mbali. Sasa ukweli ni kwamba dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi Julai mwanzoni, kama milioni 152, na Januari nusu nzima ya kaskazini ndio wanatetemeka. Majira yanatokana na mlalo wa mhimili wa dunia. Umeona mtoto anayeigiza dunia akitembea ameinamia upande mmoja uleule safari nzima? Akizunguka anageuza na mwinamo, yaani sayansi imekufa pale pale.

Nyingine ni hali za maada. "Yabisi, simameni wima msitikisike!" Kumbe hata kwenye jiwe chembechembe zinatetemeka muda wote pale zilipo. Huyo mtoto kafundishwa kitu ambacho mwalimu wa sekondari atahangaika kukifuta.

#20 Daftari_Kubwa
Ila mkuu hata mchoro wa kitabuni unadanganya. Kitabu kinachora njia ya dunia kama yai refu kabisa na hakuna anayelalamika.

#21 SayansiTu
Mchoro mtoto anausahau, aliwezaje kuukumbuka. Alichokifanya kwa miguu yake hakisahau, si ndio Mkutubi alichosema #9? Huwezi kula huku na huku. Kama kutenda kunakaza kumbukumbu basi kunakaza na uongo.

Mimi dawa yangu ni kuwaachia wenyewe mwisho wa igizo waseme wapi tumedanganya. "Haya niambieni, dunia ya kweli inafanya nini ambacho huyu mwenzetu hakukifanya?" Dakika tano hizo zina thamani kuliko igizo lote. Kuna siku mmoja kasema "jua la kweli halijikuni".

#22 ChakiNyeupe
Wakuu nimerudi na majibu. Nilirudia mzunguko wa maji na yule mtoto wa ubaridi kama alivyosema MpangaJukwaa #4. Kweli safari hii wengi wamejibu, "mvuke ulipoguswa na ubaridi ukawa tone". Nafikiri kuna tofauti kubwa sana na mara ya kwanza.

#23 SayansiTu
Ndio hayo sasa niliyokuwa nasema. UBARIDI SIO KITU jamani. Hakuna ubaridi unaotembea unagusa watu. Ni joto linaondoka. Mmewapa watoto jini la baridi.

#24 MpangaJukwaa
Sasa SayansiTu nawe, wana miaka minane!

#25 SayansiTu
Miaka minane ndio umri mzuri wa kutodanganywa. Fanya hivi: kila mvuke anashika vikaratasi vitatu vyekundu, hilo ni joto lake. Akiwa na vyote anakimbia, kila akipanda anaacha kimoja kwa sababu hewa ikipanda inatanuka na inapoa, akibaki na kimoja hana nguvu ya kukimbia, ananasa kwa mwenzake. Na ukitaka kuwa mkweli zaidi weka watoto wachache wawe vumbi, maana matone ya wingu yanaanzia kwenye punje ndogo ndogo zilizomo hewani, vumbi, chumvi ya bahari, moshi. Bila punje mvuke unapata shida sana kuwa tone.

#26 MamaMapacha
Hilo vumbi lina maneno ya kusema? Nauliza tu kwa ajili ya yule wangu wa pazia, naona kama ingemfaa, kila mtu anamfuata yeye.

#27 BentiLaNyuma
Mama ukipeleka hilo ombi, darasa zima watataka vumbi, jua atabaki peke yake.

#28 MwalimuWaZamani
Tumechekeshana vya kutosha, ngoja nilete jambo gumu. Sayansi ukikosea mtoto atasahihishwa mbele ya safari. Historia je? Nimeshuhudia kwa macho yangu mwalimu kagawa darasa, hawa watumwa, hawa mabwana, igizeni. Mwenye fimbo alifurahia fimbo. Aliyekuwa mtumwa wiki nzima aliitwa mtumwa uwanjani. Mwalimu alikuwa na nia njema, alitaka wahisi maumivu ya wale watu. Mtoto hahisi maumivu ya watu waliokufa zamani, anahisi aibu yake mwenyewe ya leo. Wale wanaosema igizo linajenga huruma waje hapa.

#29 MpangaJukwaa
Hapo mzee nakuvulia kofia, na wengi wa fani yetu wanaoijua kazi hawafanyi hivyo. Kuna kitu kinaitwa umbali. Humweki mtoto ndani ya mateso, unamweka pembeni yake akiwa na kazi ya kufanya. Darasa ni wahifadhi wa makumbusho, imepatikana mnyororo mmoja wa chuma, waamue: uwekwe wapi, kibao kiandikwe nini, mjukuu wa aliyefungwa akija kuuona tumwambie nini. Hakuna aliyeigiza mtumwa, hakuna aliyeshika fimbo, na mjadala unakuwa mzito mpaka wewe mwalimu unakosa la kusema. Hilo joho la mtaalamu niliyolisema #4 ndio linafanya kazi hapa.

#30 Asiyesema
#28 na #29 mmenikumbusha kiti cha moto. Mhusika wa hadithi anakaa kwenye kiti, darasa linamwuliza maswali, kwa nini ulimwacha ndugu yako, ulikuwa unawaza nini. Nilikuwa naogopa kukaa pale lakini kuuliza nilikuwa nauliza sana. Nadhani watu wanasahau kwamba anayeuliza naye anaigiza.

#31 Daftari_Kubwa
Mbona hakuna aliyesema habari ya uonevu? Hapo ndio maigizo yana nguvu kuliko yote. Yule Mbrazili Augusto Boal ana jukwaa la mjadala, mnaigiza mtoto anaonewa, mtu kutoka kwa watazamaji anasema simama, anaingia anachukua nafasi ya mwonevu anaonyesha jinsi ya kuwa mtu mwema. Mchezo umeisha, uonevu umeisha.

#32 Mkutubi
Daftari umekaribia ila umeingia mlango wa nyuma. Kwa Boal anayebadilishwa ni anayeonewa, sio mwonevu. Mwonevu anabaki mwonevu, tena anatakiwa akaze, na watazamaji wanapokezana kuingia kwenye nafasi ya mwonewa kujaribu njia tofauti. Ukimgeuza mwonevu ghafla awe mwema, Boal aliita hiyo uchawi, kwa sababu kule nje ya mlango hageuki. Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba wazo la mtazamaji kupanda jukwaani lilimjia Peru, alipokuwa kwenye mradi wa kufundisha watu kusoma mwaka 1973. Mama mmoja kwenye hadhira alikuwa anatoa maelekezo, waigizaji hawamfanyii anavyotaka, mwisho wakamwambia njoo ufanye mwenyewe, akapanda.

#33 Kengele
Huyo mama nampenda.

#34 MamaMapacha
Lakini Mkutubi, mtoto anayeonewa kweli, umwambie tena kwenye igizo kwamba yeye ndiye atafute njia? Si mzigo umerudi kwa yuleyule? Mimi ningependa waonaji ndio wabadilike, wale wanaocheka pembeni.

#35 Mkutubi
Hoja nzuri mama. Wapo wanaofanya hivyo, wanaruhusu kubadilisha waliosimama pembeni, na kwa watoto wadogo naona ina mantiki zaidi. Boal mwenyewe alianza na watu wazima wenye shida za watu wazima, na walimu wamekopa kilichowafaa. Ila igizo la uonevu lisichezwe na walewale wawili wanaooneana kweli. Unawapa jukwaa na makofi.

#36 Daftari_Kubwa
Mnanisahihisha sana humu mpaka naona mimi ndio nipo kiti cha moto.

#37 BentiLaNyuma
Mhusika Daftari, kwa nini ulikimbilia Toronto? Ulikuwa unawaza nini?

#38 MwalimuWaZamani
Swali jingine kwenu vijana. Wavulana wakikataa nafasi za kike mnafanyaje? Nilikuwa naona darasa zima linasimama kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mama wa mhusika.

#39 Mkutubi
Mwambie kwamba enzi za Shakespeare pale London wanawake wote wa jukwaani walichezwa na wavulana, wake wa wafalme, malkia, wote. Wanawake walianza kuonekana kwenye majukwaa rasmi ya Uingereza baada ya 1660. Ukishasema hivyo wawili watatu wanajitokeza.

#40 Kengele
Mimi nasema "nani anaweza kuigiza bibi mkali", wanagombania. Hakuna historia inayohitajika.

Na niongeze kwenye hoja ya mwanzo, nimejaribu ile ya wawili wawili kwenye benti (#10) na picha mgando. Kelele zipo ila ni kelele za kazi, zinasikika tofauti. Lakini kuna kitu hamjakisema. Mimi nahisi nusu ya msisimko ni upya wake tu. Wiki ya kwanza walikuwa wanaruka, sasa hivi nikisema tafuta mwenzako kuna wanaovuta pumzi kama nimewaambia wafagie. Nisije nikawa nasifia igizo kumbe nasifia mabadiliko.

#41 MpangaJukwaa
Kama tatizo la ndani ya igizo ni lilelile kila siku lazima wachoke, hata mimi ningechoka. Muuzaji na mteja, muuzaji na mteja. Badilisha kinachogoma.

#42 MwalimuWaZamani
Au rudi ubaoni siku mbili. Nao ni mabadiliko.

#43 Asiyesema
Mimi nadhani si upya wala mwili wala maswali. Ni kwamba kwenye igizo ndio mara pekee mwalimu anatusikiliza bila kuwa na jibu lake mfukoni. Mtoto analijua hilo haraka sana.

#44 SayansiTu
#43 hiyo inawezekana kwenye jaribio la sayansi pia, bila igizo lolote. Kwa hiyo bado hatujajua igizo lenyewe linafanya nini.

#45 ChakiNyeupe
Ndio hapo sasa. Mmenipa sababu sita na kila moja naiona ipo darasani kwangu. Mkutubi anasema lugha, #9 anasema kutenda, mzee anasema swali, #43 anasema kusikilizwa...

#46 Mkutubi
#9 ni mimi huyohuyo 😄

#47 MwanaKwaya
Hamjambo, mimi mgeni kwenye uzi. Nafundisha darasa la kwanza, nina swali dogo la haraka. Tuliigiza hadithi ya wanyama asubuhi, mtoto mmoja alikuwa mbwa. Sasa tupo hesabu na hataki kuacha. Nikimwita jina anabweka. Nikimwuliza mbili jumlisha tatu kabweka mara tano. Nifanye nini?

#48 Kengele
Si amepata lakini?

#49 MpangaJukwaa
MwanaKwaya ulimwingiza kwenye uhusika hukumtoa, mlango wa kutokea uandaliwe kabla ya ule wa kuingilia. Wakimaliza wasimame kwenye duara, kila mmoja ajipukute mikono na mabega kama anavua nguo, aseme "nilikuwa mbwa, sasa mimi ni fulani, nimevaa shati la shule". Kama kulikuwa na kitambaa au mkia, auvue mwenyewe auweke kwenye boksi, usimvulie. Wadogo wasipofanyiwa hivyo wanabaki nacho mpaka nyumbani, na aliyekuwa jambazi kwenye hadithi ndio unajua shughuli yake. Kwa huyo wa leo usigombane naye. Ingia kama mwenye mbwa, mwambie saa za kazi zimeisha, mpeleke kwenye boksi avue.

#50 MwanaKwaya
Nimefanya. Kavua mkia, kajipukuta, kasema jina lake vizuri kabisa. Sasa aliyekuwa paka anasema yeye hakuulizwa swali la hesabu.